Asilimia 55: kisa cha uzinduzi mmoja wa utafiti wa maoni, Dar es Salaam, Julai 2018

Tarehe 5 Julai 2018 taasisi ya kiraia ya Twaweza ilizindua jijini Dar es Salaam matokeo ya utafiti wa maoni ya wananchi kuhusu siasa. Ripoti iligusa vyama na viongozi wa ngazi mbalimbali, lakini mtaani ilibaki namba moja. Asilimia 55 ya waliohojiwa walisema wameridhika na utendaji wa Rais John Magufuli. Mwaka 2017 walikuwa asilimia 71. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 96.

Siku nne baadaye Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la COSTECH, iliandika barua kwamba utafiti huo haukuwa na kibali, na ikaipa Twaweza siku saba ieleze kwa nini isichukuliwe hatua za kisheria. Barua ilizunguka kwenye simu za watu kama moto wa kiangazi. Kabla ya mwezi kwisha, maofisa wa Uhamiaji walichukua pasi ya kusafiria ya mkurugenzi wa taasisi hiyo, Aidan Eyakuze, wakieleza kwamba uraia wake unachunguzwa.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha dola kumbana aliyesema jambo lisilopendeza, na hivyo ndivyo kilivyo. Sina nia ya kukilainisha. Ila kuna upande wake ambao sisi tunaoandaa, tunaoendesha na tunaoandika kuhusu hafla za namna hii huupita haraka: jinsi ukumbi wenyewe, meza kuu, karatasi wanayopewa waandishi na neno moja la Kiswahili vilivyoigeuza sauti ya watu zaidi ya elfu moja kuwa namba moja ya kugombaniwa. Nimekaa kwenye kumbi hizo miaka mingi, kwanza nikiwa mwandishi mwenye daftari, baadaye nikiwa mchokoza mada. Nadhani kisa hiki kina mengi ya kutufundisha kuhusu kazi yetu wenyewe, na nitakwenda nacho polepole.

Namba ilipotoka

Namba ile ilitoka kwenye utafiti wa simu wa Twaweza uitwao Sauti za Wananchi, ulioanza mwaka 2013. Mpango wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Kwanza watafiti huenda kwa miguu, kaya kwa kaya, kwenye maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu Tanzania Bara, mjini na vijijini. Katika kila kaya huchaguliwa mtu mzima mmoja, naye pia kwa bahati nasibu. Anapewa simu na chaja ya sola, maana kijijini shida ya kwanza ni umeme. Kisha kituo cha simu kinampigia mara kwa mara, leo kuhusu maji, mwezi ujao kuhusu shule, baadaye kuhusu siasa, na kila akimaliza mahojiano hutumiwa vocha. Jopo huanza na kaya zipatazo 2,000. Kila mzunguko wengine hawapatikani: laini imepotea, simu imeuzwa, mtu amehama au amechoka. Mzunguko wa siasa wa mwaka 2018 ulikuwa na wahojiwa wapatao 1,200.

Je, watu 1,200 wanaweza kuisemea nchi ya watu zaidi ya milioni 50? Swali hili huulizwa kila uzinduzi, na kwa kawaida hujibiwa kwa haraka ya mtu anayedhani kila msikilizaji amesoma takwimu. Jibu lake halihitaji shahada. Mpishi hanywi sufuria zima ili ajue chumvi; akikoroga vizuri, kijiko kimoja kinamtosha. Kazi yote iko kwenye kukoroga, yaani kuchagua watu bila upendeleo. Ukishakoroga, kijiko cha watu 1,200 huweza kukosea kwa takriban pointi tatu juu au chini, au zaidi kidogo kwa sababu wahojiwa hutoka kwenye maeneo yaliyochaguliwa kwa makundi. Kwa hiyo 55 inaweza kuwa 52, inaweza kuwa 58. Haiwezi kuwa 71. Kuporomoka kwa pointi 16 ndani ya mwaka mmoja, baada ya pointi 25 mwaka uliotangulia, si jambo la kijiko kukosea.

Hayo yangeweza kusemwa ukumbini kwa dakika nne, kabla namba haijatajwa. Nimehudhuria uzinduzi mwingi, wa taasisi nyingi, ambako maelezo ya njia yaliwekwa kwenye slaidi moja yenye maandishi madogo na kupitishwa wakati watu bado wanatafuta viti. Kisha inakuja slaidi ya matokeo na kila mtu ananyanyua simu kupiga picha. Picha hiyo ndiyo inayotoka ukumbini. Maelezo ya njia hubaki ndani.

Miaka mitatu kabla: aliyelalamika alikuwa mwingine

Huwezi kuielewa Julai 2018 bila kurudi Septemba 2015. Nchi ilikuwa katikati ya kampeni. Edward Lowassa alikuwa amehama CCM na kusimamishwa na Chadema kwa niaba ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, viwanja vilikuwa vinafurika, na upinzani uliamini mwaka wao umefika. Tarehe 22 Septemba Twaweza, kwa njia ileile ya simu, ikatangaza kwamba asilimia 65 ya wahojiwa wangempigia kura Magufuli na asilimia 25 Lowassa. Mwezi huohuo kampuni ya Ipsos ikatoa yake: 62 kwa 31.

Upinzani uliwaka. Takwimu za kupika, walisema. Watu wa CCM walizinukuu majukwaani kama aya. Tarehe 25 Oktoba watu walipiga kura, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza Magufuli asilimia 58.46, Lowassa asilimia 39.97.

Mimi wakati ule nilikuwa dawati la habari la gazeti moja la jiji, na nilishiriki kosa ambalo bado linaniuma. Tuliandika kichwa cha habari kana kwamba kura zimekwisha kuhesabiwa. Hatukueleza kwamba mahojiano yalifanyika wiki kadhaa kabla ya siku ya kura na kwamba kampeni ilikuwa mbichi. Hatukueleza kwamba sampuli ilikuwa ya Bara peke yake, bila Zanzibar. Hatukueleza hata swali lilivyoulizwa. Msomaji mmoja alipiga simu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hawa watu mliowauliza, mliwakuta wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu karatasi yenye jibu nilikuwa nimeikunja nikaiacha chini ya kiti ukumbini.

Tuyatazame matokeo yale kwa haki. Utafiti ulimpata mshindi. Ulimzidishia kwa pointi kama sita na nusu, na ulimpunja Lowassa kwa pointi kama 15. Sehemu ya pengo hilo ni muda, kwa maana wiki za mwisho za kampeni huwahamisha watu. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni hofu na adabu. Mtu wa kijijini anapopigiwa simu na mgeni anayejua jina lake, jibu lililo salama ni kumtaja aliye madarakani.

Hapo ndipo mwaka 2015 na 2018 inaposhikana. Kama chombo hiki kina tabia ya kuelemea upande, basi kwa ushahidi wa 2015 kilielemea upande wa chama tawala. Anayesema mwaka 2018 kwamba 55 ilipikwa kumchafua Rais anapaswa kueleza ni lini mizani iliyomzidishia iligeuka ikaanza kumpunguzia. Sijasikia maelezo hayo kwa mtu yeyote. Na kama hofu ya kusema ukweli kwenye simu ilikuwa imeongezeka kati ya 2015 na 2018, baada ya mbunge wa upinzani Tundu Lissu kupigwa risasi Dodoma Septemba 2017, baada ya mwandishi Azory Gwanda kutoweka Kibiti Novemba mwaka huohuo, basi hofu hiyo ingeisukuma namba kwenda juu. Hali halisi huenda ilikuwa chini ya 55.

Ile 96

Namba iliyopaswa kutushtua zaidi ni ile ya 2016. Mtu aliyechaguliwa kwa asilimia 58, kabla ya mwaka kwisha anaridhisha asilimia 96? Lakini ukikumbuka hewa ya siku zile, unaelewa. Kutumbua majipu, yaani kuwafukuza hadharani watumishi wabovu, sherehe za Uhuru kugeuzwa siku ya usafi, ziara za kushtukiza Muhimbili na Hazina, elimu bila malipo kuanzia Januari 2016. Hata waliomnyima kura walikuwa wakisema, "Huyu baba anafanya kazi." Siitilii shaka hisia ile, nilikuwa nayo mimi pia.

Ila asilimia 96 ni kiwango ambacho mtafiti anayeijali kazi yake anapaswa kukileta mbele ya watu pamoja na onyo: hapa kuna mapenzi, na huenda kuna adabu pia, na hatuwezi kuvitenganisha. Waandishi tuliipokea bila maswali. Serikali nayo haikuuliza hadharani habari ya kibali. Kwa hiyo tulijenga, sote kwa pamoja, kilele ambacho chochote kitakachofuata kingeonekana anguko. Mwaka 2017 maneno mtaani yalikuwa tayari yamebadilika. "Vyuma vimekaza", yaani maisha yamebana, ilikuwa salamu, kuanzia Kariakoo hadi stendi ya Ubungo. Mtu yeyote aliyewasikiliza wauza mitumba na wapangishaji wa nyumba asingeshangazwa na 71, wala na 55.

Neno "kukubalika"

Swali waliloulizwa wahojiwa lilihusu utendaji: umeridhika au hukuridhika na utendaji wa fulani katika nafasi yake? Ni swali la kazi. Mwalimu wa zamu anaweza kukuridhisha leo na asikuridhishe kesho, na bado ni mwalimu wako.

Lakini lugha ya habari haikai na neno "utendaji" kwa muda mrefu. Hulibadilisha kuwa "kukubalika", na kukubalika huteleza kuwa "umaarufu", na umaarufu katika siasa zetu ni neno la kura. Ukishasema umaarufu wa Rais umeshuka hadi asilimia 55, msikilizaji anasikia kwamba uchaguzi ukifanyika kesho nusu ya nchi itamkataa. Utafiti haukusema hivyo. Mtu anaweza kulalamikia bei ya sukari na kukosa wateja, akasema hajaridhika, na siku ya kura akampigia yuleyule.

Tofauti hii si ndogo. Swali la utendaji linamwambia kiongozi: watu wanataka hiki kirekebishwe. Swali la umaarufu linamwambia: kuna anayetaka kiti chako. Kiongozi anaweza kujibu la kwanza kwa sera. La pili atalijibu kwa nguvu. Nionavyo, uzinduzi wa Julai 2018 uliingia mtaani kwa sura ya pili ingawa uliandikwa kwa sura ya kwanza. Lawama kubwa ni yetu waandishi. Lakini taasisi yoyote inayofanya kazi hii inajua waandishi wake, inajua saa za mwisho za chumba cha habari, na inajua kwamba karatasi ya kurasa kadhaa itasomwa aya ya kwanza tu. Neno linalowekwa kwenye aya hiyo ndilo litakaloishi.

Barua ya kibali

Tunasema mjumbe hauawi. Ni methali nzuri, lakini haimkai sawasawa mtafiti wa maoni. Mjumbe hubeba barua iliyoandikwa na mwingine. Mtafiti ndiye anayechagua swali, lini aulize, nani aulizwe na namba ipi ianze kutajwa. Kwa hiyo ana wajibu zaidi ya mjumbe, na ni haki kumhoji. Swali ni: kumhoji kuhusu nini?

COSTECH ilianzishwa kwa Sheria Namba 7 ya 1986, na kila mwanafunzi wa shahada ya juu aliyewahi kupanga foleni ya kibali anaijua. Mamlaka yake juu ya tafiti ni ya kweli. Lakini barua ya Julai ilifanya jambo ambalo, kwa upande wa siasa, lilikuwa na nguvu kuliko bango lolote. Ilibadilisha swali. Tarehe 5 swali lilikuwa: kwa nini wananchi wengi hawajaridhika? Baada ya tarehe 9 likawa: nani aliwaruhusu kuuliza?

Lugha yetu ilisaidia mabadiliko hayo kupita bila kugunduliwa. Kiswahili kina neno "utafiti" kwa mambo mengi mno. Anayechunguza dawa ya malaria maabara Ifakara anafanya utafiti, na anayepiga simu kuuliza "umeridhika?" anafanya utafiti pia. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, lakini mjadala wa mtaani ulikuwa wa Kiswahili, na kwa masikio ya kawaida hoja ilinyooka: huu ni utafiti, utafiti una kibali, kibali kiko wapi? Kumwelezea mtu kwamba kuuliza maoni ni jambo la haki ya kujieleza kuliko la maabara kulihitaji dakika kumi. Hoja ya kibali ilihitaji sekunde kumi.

Vyumba vya habari navyo vilikuwa vimekwisha kujifunza woga. Mwaka 2017 magazeti ya Mawio na MwanaHalisi yalifungiwa kwa miezi 24 kila moja, Raia Mwema na Tanzania Daima kwa siku 90 kila moja. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka hata wenye blogu kulipia leseni, na Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilisimama kwa muda. Mhariri aliyeamka tarehe 11 Julai alikuwa na habari mbili mezani. Moja inasema wananchi hawajaridhika, na chanzo chake ni taasisi iliyoandikiwa barua. Nyingine inasema taasisi imeandikiwa barua, na chanzo chake ni tume ya serikali. Ya pili haimfungii mtu gazeti. Simlaumu aliyeichagua. Ninachosema ni kwamba barua iliizima habari bila mtu yeyote kupiga marufuku chochote.

Halafu ikaja pasi. Hapa sina uchambuzi mrefu, kwa kuwa hakuna cha kuchambua katika kuuhoji uraia wa mtu wiki chache baada ya kutangaza takwimu. Eyakuze wakati huo alikuwa na majukumu kwenye Ubia wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, mpango wa kimataifa ambao Tanzania ilijitoa mwaka 2017, na kazi hiyo ilimtaka asafiri. Mwaka 2024 alikuja kuwa mkuu wa mpango huohuo. Lakini kila mkurugenzi wa taasisi ndogo aliyekuwa akipanga uzinduzi wake mwaka ule aliitazama pasi ile na kufikiria ya kwake.

Septemba

Mwezi Septemba 2018 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2015. Kifungu kipya kilifanya kuwa kosa kusambaza takwimu kwa nia ya kubatilisha, kupotosha au kuzitilia shaka takwimu rasmi. Adhabu ikawa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Benki ya Dunia ilieleza hadharani wasiwasi wake mkubwa mwezi uliofuata. Juni 2019 sheria ilirekebishwa tena na makosa hayo ya jinai yakaondolewa.

Sisemi muswada uliandikwa kwa sababu ya asilimia 55. Miswada huandaliwa kwa muda mrefu, na ugomvi wa takwimu ulikuwapo kabla, kwa maana mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alikwisha kushikiliwa na polisi mwaka 2017 kwa kauli zake kuhusu ukuaji wa uchumi. Lakini angalia jinsi sheria ile ilivyokaa vibaya na suala la maoni. Serikali haina takwimu rasmi ya wangapi wameridhika na Rais. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima mfumuko wa bei, watu na kaya. Hakuna namba rasmi ambayo 55 iliibatilisha. Kwa hiyo hata mwenye kuamini kwamba takwimu za serikali zinahitaji kinga alipaswa kukubali kwamba maoni ya watu kuhusu serikali ni jambo lingine, na kwamba mtu wa mwisho anayefaa kuwa mpimaji pekee wa maoni hayo ni yule anayepimwa.

Nairobi wana njia nyingine, na ingawa haijakamilika naiona ina akili. Kenya ilitunga mwaka 2012 sheria ya uchapishaji wa tafiti za maoni ya uchaguzi. Hailazimishi kwanza mtu aombe ruhusa ya kuuliza. Inamlazimisha anayechapisha aseme nani alilipia, nani aliendesha, lini, watu wangapi walifikiwa na kiwango cha kukosea ni kipi. Na inafunga uchapishaji katika siku tano za mwisho kabla ya kura. Haijazuia makosa: mwaka 2022 tafiti kadhaa zilimweka Raila Odinga mbele na William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Lakini mwananchi aliyekasirika alikuwa na mahali pa kuanzia. Angeweza kufungua karatasi akauliza, mliwahoji wapi, mlilipwa na nani. Huko sheria inadai uwazi baada ya kuuliza. Barua ya Julai ilidai idhini kabla ya kuuliza. Nchi inayochagua ya pili inajikuta haina njia ya kujua watu wanafikiri nini mpaka siku ya kura, na siku hiyo huwa imechelewa kwa pande zote.

Ningeandaaje uzinduzi ule

Mtu akija kwangu leo na matokeo kama yale, akitaka kuyatangaza hadharani katika nchi yenye hewa kama ile, nitamwambia aanze na makosa yake mwenyewe. Kabla ya namba yoyote mpya, slaidi ya kwanza iwe ya 2015: tulisema 65 na 25, ikawa 58 na 40, na hizi ndizo sababu tunazozidhania. Ukumbi utatulia. Mtu anayeonyesha kovu lake ni vigumu kumwita mwongo. Na hapo hapo atakuwa amewaeleza, bila kutaja, kwamba chombo chake hakijawahi kuwaonea waliopo madarakani.

Kisha swali lenyewe lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili kilekile alichosikia mhojiwa kwenye simu, kabla ya jibu. Waandishi wapewe nusu saa peke yao na mtu wa takwimu, bila kamera, ili anayetaka kuuliza jambo analohisi ni la kijinga aulize bila aibu. Nimeona nusu saa ya namna hiyo ikibadilisha vichwa vya habari vya siku nzima. Aya ya kwanza ya taarifa kwa vyombo vya habari itumie neno "utendaji" na ilirudie, mpaka mhariri aone tabu kuliondoa.

Ningemtaka pia aalike mtu wa Ofisi ya Takwimu na mtu wa COSTECH wakae meza kuu, kama wachokoza mada. Wakikataa, barua ya mwaliko ibaki kwenye faili. Kuna wanaosema hiyo ni kujipendekeza, au ni kukiri kwamba kibali kinahitajika. Nawaelewa. Lakini mtaalamu wa takwimu wa serikali aliyekaa mbele ya watu akaulizwa "je, sampuli hii ina kasoro gani?" atajibu kama mtaalamu, kwa sababu wenzake wanamtazama. Akibaki ofisini, atakayejibu ni mwandika barua.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na sikulisikia likijadiliwa Julai ile. Ni orodha. Kila utafiti wa jopo una daftari mahali fulani lenye majina, vijiji na namba za simu za watu waliosema wameridhika na waliosema hawajaridhika. Mkurugenzi anaweza kupoteza pasi na dunia ikapiga kelele. Mama wa Kilosa au Sengerema aliyesema "hapana" kwenye simu aliyopewa, akiwa amekaa nje karibu na chaja yake ya sola, hana wa kumpigia kelele. Alisema kwa sababu msichana wa kituo cha simu alimwahidi kwamba jina lake halitatoka. Ahadi hiyo inapaswa kutamkwa tena ukumbini, mbele ya kamera na mbele ya wageni wa serikali: nani anashika daftari, limehifadhiwaje, majina yanatenganishwa lini na majibu, na kwamba hakuna barua itakayolitoa.

Maana mzunguko unaofuata, simu ya mama yule italia tena.